TIMOTHEO NA KIKOMBE CHAKE

Mahubiri ya Kwaresima
Masomo: 1 Timotheo 4:12–16, 5:23, Matendo 19:11–12, Danieli 1:8–16



Tumo katika siku arobaini za Kwaresima. Wako miongoni mwetu walioacha nyama, wako walioacha sukari, na wako walioacha mlo wa mchana ili wapate nafasi ya kuomba. Ni vema. Lakini sote twajua kwamba Pasaka itafika, na siku hiyo kuku atachinjwa na watoto watakunywa soda. Leo nataka kusema habari za kijana ambaye Kwaresima yake haikomi siku ya Pasaka. Anahesabu chumvi yake, anahesabu maji yake, anahesabu matunda yake, mwaka huu na mwaka ujao. Ni kijana mwenye ugonjwa wa figo. Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi ni Siku ya Figo Duniani, na mara nyingi siku hiyo huangukia ndani ya Kwaresima. Basi na tuitumie kujifunza.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Kijana mwenyewe amenipa ruhusa kulisema, ila jina lake nisilitaje.

Tulikuwa katika karamu ya ubatizo nyumbani kwa Mkristo mmoja. Huyo kijana, mwimbaji wa kwaya, alikuwa ameketi karibu nami. Nilimwona amechukua ugali kidogo na kipande kimoja cha nyama, na soda aliyopewa ameisogeza kando. Nikamwambia kwa sauti, watu wote wakisikia: "Mwanangu, chakula hiki kimeombewa. Kula, unywe. Kukataa chakula cha watu ni kuwadharau." Watu wakacheka. Kijana akamtazama mama yake, kisha akainywa ile soda. Akaletewa nyingine, akainywa. Akaletewa na bakuli la mchuzi, akalimaliza. Usiku wa siku ya pili hakuweza kulala chali, maana pumzi ilimpungukia na uso ulikuwa umevimba. Gari likakodiwa akapelekwa mjini, na mashine ikamtoa maji yaliyokuwa yamejaa mwilini mpaka mapafuni. Nilipokwenda kumtazama alisema maneno machache tu: "Mchungaji, niliona aibu kukukatalia mbele ya watu."

Ndugu zangu, tangu siku ile nimeusoma upya waraka wa Paulo kwa Timotheo.

KIJANA AMBAYE HAKUPONYWA

Timotheo alikuwa kijana. Paulo alimwonya asikubali mtu ye yote audharau ujana wake. Alilelewa katika imani na mama yake Eunike na bibi yake Loisi. Tena alikuwa mgonjwa. Katika sura ya tano, katikati ya maagizo juu ya wazee wa kanisa, Paulo anasimama ghafula na kumwuliza, kama tusemavyo sisi, habari za tumbo lake. Anataja maradhi yanayomrudia mara kwa mara, kisha anampa shauri juu ya kunywa: asinywe maji peke yake, atumie na divai kidogo. (Wapenzi wa pombe wameukamata mstari huu kwa mikono miwili, ila neno "kidogo" wameliacha chini. Paulo alikuwa akimtibu mgonjwa, hakuwa akifungua kilabu.)

Sasa fikirini. Timotheo alikuwa mtu wa Listra. Katika mji huo huo Paulo alimwinua kiwete ambaye hajapata kutembea tangu kuzaliwa (Matendo 14). Na wakati Paulo alipomwachia kazi, Timotheo alikuwa Efeso. Huko Efeso, yasema Matendo 19, hata leso na nguo za kazi zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa nao wakapona. Paulo angeweza kumpelekea mwanawe mpendwa leso moja, lakini alimpelekea shauri la chakula na kinywaji. Tena katika waraka wa pili anasema alimwacha Trofimo huko Mileto, hawezi.

Je, Timotheo alikosa imani? Hasha! Paulo anaisifu imani yake. Je, Mungu alimsahau? La. Alimpa kazi ya kuchunga kanisa akiwa na tumbo lake lile lile bovu. Basi yatupasa kuacha kumwuliza kijana wetu swali lile linalochoma: "Mbona tumekuombea na bado waenda hospitali?" Uponyaji wa Mungu una njia nyingi. Mmoja anainuliwa siku moja. Mwingine anashikwa mkono kila siku. Wote wawili wako mikononi mwa Bwana yule yule.

FIGO NI KITU GANI?

Mungu ametupa figo mbili, zenye umbo la haragwe na ukubwa kama wa ngumi, nyuma chini ya mbavu. Kila mchana na usiku huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu, na karibu yote huyarudisha mwilini. Lita moja au mbili tu ndizo zinatoka kuwa mkojo, pamoja na uchafu wa damu. Tena figo hulinda kipimo cha chumvi mwilini, husaidia shinikizo la damu lisipande, huamsha mwili utengeneze damu, na huimarisha mifupa.

Katika Zaburi ya 139, pale Daudi anapomsifu Mungu kwa kumwumba tumboni mwa mama yake, Biblia yetu ya Kiswahili ina neno "mtima". Neno la Kiebrania mahali pale ni figo. Watu wa zamani waliona kwamba figo zimefichwa ndani sana, hata Mungu peke yake ndiye azionaye. Na kweli zimefichwa. Zinaweza kuharibika polepole bila maumivu yo yote, mpaka zimechoka kabisa.

Msidhani ni ugonjwa wa wazee tu. Kijana aweza kuupata baada ya ugonjwa wa koo au vidonda vya ngozi ambavyo havikutibiwa. Wengine huzaliwa na kasoro katika njia ya mkojo. Wengine huupata kwa shinikizo la damu, kisukari, selimundu, kichocho, au virusi vya UKIMWI. Wako pia walioharibiwa na vidonge vya maumivu vilivyomezwa siku nyingi bila shauri la daktari. Basi mzazi akiona uso wa mtoto umevimba asubuhi, au miguu imevimba, au mkojo una povu jingi au damu, asingoje mavuno yaishe. Aende zahanati, apimwe mkojo na shinikizo la damu.

KIASI NI TUNDA LA ROHO

Twaja sasa kwenye sufuria. Paulo anapowaandikia Wagalatia matunda ya Roho, la mwisho ni kiasi. Katika lugha yetu neno hilo lina maana mbili, nazo zinakwenda pamoja: kujizuia, na kipimo. Kijana wa figo ahitaji zote mbili.

Kwanza, chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri hata mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, katika chakula chote. Sisi huku Ugogo tunapika mlenda kwa magadi na kisha tunatia chumvi. Akina mama, magadi nayo yana ile sodiamu iliyomo katika chumvi. Huyavuta maji mwilini na kupandisha shinikizo la damu vile vile. Mboga ya huyu kijana na iepuliwe kabla ya magadi na chumvi. Au lililo jema zaidi, nyumba yote ipunguze.

Pili, maji. Si kila mwenye ugonjwa wa figo anapunguziwa maji. Yule ambaye mkojo wake umepungua na mwili unavimba ndiye apewaye kipimo. Mara nyingi daktari huhesabu mkojo wa jana na kuongeza nusu lita. Na kila kinachomiminika ni maji: chai, uji, mchuzi, soda, togwa. Lita moja ikibaki mwilini, mzani unaonyesha kilo moja zaidi. Sisi wa nyanda hizi kavu twajua kupima maji. Bibi zetu waliyachota mchangani kwa kibuyu, wakagawia kila mtu fungu lake, wala hakuna aliyeitwa mchoyo. Kijana na awe na kikombe chake kidogo, na chupa yake ya siku nzima aijaze asubuhi. Kiu ikizidi, asukutue kinywa na kuyatema maji. Na akumbuke kwamba aliyekula chumvi hawezi kushika kipimo cha maji. Kiu itamshinda tu.

Tatu, yale tunayoyaita chakula bora. Hapa wengi tunashangaa. Ndizi, machungwa, parachichi, viazi, nyanya, maharage na mboga za majani vina potasiamu nyingi, na ubuyu wetu umejaa potasiamu. Kwa mtu mzima ni afya. Lakini figo zikishindwa kuitoa, potasiamu huzidi katika damu na yaweza kuusimamisha moyo ghafula. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa apunguze na apunguze. Majani yakikatwakatwa, yakachemshwa kwa maji mengi, na yale maji yakamwagwa, potasiamu hupungua. Dagaa, karanga, maziwa na soda nyeusi vina fosforasi, ambayo ikizidi hudhoofisha mifupa na kuwasha ngozi.

Nne, nyama, mayai na samaki. Mgonjwa ambaye hajafika kwenye mashine aweza kuambiwa asizidishe. Aliye kwenye mashine huhitaji zaidi, maana mashine huondoa sehemu ya chakula kilichomo katika damu. Mwaona? Shauri la mmoja si shauri la mwingine. Tena hubadilika kadiri damu inavyopimwa. Usimpe jirani yako orodha uliyopewa wewe. Mgonjwa na amwulize daktari wake na mtaalamu wa lishe, na amweleze wazi vyakula vya kwetu, asione haya kutaja mlenda na magadi.

MAUTI CHUNGUNI

Tena soma 2 Wafalme sura ya 4. Wakati wa njaa, mtu mmoja katika wana wa manabii alikwenda kondeni, akaona tunda la porini, akalikatia ndani ya chungu bila kulijua. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwalisha wenzake. Lakini walipoonja wakapiga kelele kwamba mauti imo chunguni.

Ndivyo ilivyo kwa baadhi ya dawa za mizizi. Ziletwazo kwa upendo zaweza kuzimaliza figo zilizosalia, maana figo ndizo zinazopaswa kuzichuja. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa mgonjwa huyu, ingawa dukani vinauzwa kama pipi. Shangazi, mjomba, kabla hujamletea chupa, mwulize daktari wake. Na mhubiri awaye yote amwambiaye kijana aache mashine ili kuonyesha imani, huyo anatia tunda asilolijua katika chungu cha mtu mwingine. Kanisa Anglikana katika sehemu hizi za katikati lilijenga madhabahu na hospitali pamoja. Mvumi ni shahidi. Nalo halikuona kwamba moja inaidharau nyingine.

RAFIKI WATATU WA DANIELI

Danieli na wenzake walikuwa vijana katika nyumba ya mfalme wa Babeli. Danieli aliazimu moyoni mwake kutokula chakula cha mfalme. Alimwomba msimamizi kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku kumi kwa mtama na maji. Tumezoea kumsifu Danieli, na ni haki. Lakini tazameni pia Hanania, Mishaeli na Azaria. Danieli hakula peke yake pembeni huku wenzake wakimcheka juu ya nyama ya mfalme. Walikula sahani moja naye.

Hapa ndipo tunapopungukiwa. Tunampikia mgonjwa sufuria yake ndogo, kisha tunakula chetu mbele yake na kusema, "Pole, mwenzetu." Kijana wa miaka ishirini hataki pole kila siku. Ataka kukaa na rafiki zake bila kuulizwa mbona hanywi. Ataka kusoma, kufanya kazi, kuchumbia. Mashine huchukua kama saa nne, mara tatu kwa juma kwa wengi, na kutoka Haneti mpaka Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ni safari, hivyo siku ya mashine imekwisha yote. Siku zinazobaki amechoka, damu ni pungufu, naye aogopa kuwa mzigo kwa baba yake. Mara nyingine, akichoka kuwa tofauti na wenzake, hunywa ile soda. Hafanyi hivyo kwa ujinga wala ukaidi. Ni upweke tu.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Wenye karamu, wekeni chakula kisicho na chumvi mezani, na kila mtu ajitwalie. Wala mtu asimhimize mwenzake kula. Kwaya, pangeni mazoezi siku isiyo ya mashine, na mkimwona amekaa wakati ninyi mmesimama, mwacheni aimbe akiwa ameketi. Wazee wa kanisa, tuwe na kikapu cha nauli, kisitangazwe jina la apewaye. Na kila nyumba ifikirie bima ya afya kabla ya ugonjwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tusingoje mpaka siku ya machozi.

NDUGU ANAYETOA

Zamani figo zikifa, mtu alikufa. Mwaka 1943, katikati ya vita kuu, Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine kwa karatasi laini ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa, asikate tamaa. Mwaka 1945 mama mmoja akaamka. Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, Marekani, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja, na Daktari Joseph Murray akaipandikiza. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi mpaka mwaka 2010.

Jambo hilo sasa limefika kwetu. Figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza nchini katika Hospitali ya Muhimbili mwezi Novemba 2017, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwezi Machi 2018. Mtoaji hupimwa sana kwanza, wala asilazimishwe na mtu. Kipawa cha kulazimishwa si kipawa. Naye aliyepokea hatupi dawa zake, maana atazimeza kila siku ili mwili usiikatae ile figo. Kiasi chaendelea, ila kwa namna nyingine.

Katika Walawi sura ya 3, mtu alipotoa sadaka ya amani, figo mbili za mnyama ziliwekwa juu ya madhabahu kuwa za Bwana. Siku hizi ndugu amtolea ndugu yake figo moja ingali hai. Naamini Bwana aitazama sadaka hiyo kwa furaha.

KWENYE MEZA YA BWANA

Nimalizie pale tunapokutana kila tunaposhiriki Chakula cha Bwana. Meza ile ni ya ajabu. Tajiri na maskini, mzima na mgonjwa, kila mtu hupewa kipande kidogo cha mkate na funda moja dogo la divai. Hajapata kutokea mtu akalalamika kwamba Bwana ni mchoyo. Wala hajapata kutokea mtu akamwambia jirani yake, "Mbona umekunywa kidogo?" Pale sote tunakula kwa kipimo, nasi tunaondoka tumeshiba.

Kijana wangu, ukishika kikombe chako kidogo nyumbani, kumbuka kikombe kile. Kipimo chako si alama ya kulaaniwa. Ni kazi ya kila siku uliyopewa, kama Timotheo, na waweza kuifanya huku ukimtumikia Mungu kwa kuimba, kwa kusoma na kwa kufundisha watoto. Ukianguka siku moja, usifiche; mwambie daktari, uanze tena. Na siku mchungaji wako akikuhimiza unywe, mkatalie mbele ya watu wote. Atakushukuru.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeziumba figo zetu mahali pa siri, uwakumbuke vijana walio wagonjwa. Uwape kiasi bila uchungu wa moyo, na tumaini bila udanganyifu. Uwatie nguvu mama zao wapikao, baba zao watafutao nauli, na waganga na wauguzi wakeshao. Utusamehe sisi tuliowaaibisha, utufundishe kula sahani moja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndimi mtumishi wenu katika Bwana,
Mchungaji wenu, Haneti